Wiki ya Kitani na Chuma Mjini Visby

Meli inayotoka Nynäshamn, bandari iliyo kusini mwa Stockholm, huchukua zaidi kidogo ya saa tatu kufika kisiwa cha Gotland, na katika wiki moja ya Agosti muda huo humtosha abiria kuhama karne. Watu hupanda wamevaa jinzi na raba, wakiburuta mabegi ya magurudumu. Kabla kisiwa hakijachomoza wameanza kugeuka. Kijana aliyeingia msalani na fulana ya timu ya mpira anatoka na kanzu ya sufu iliyofungwa mkanda wa ngozi. Mama mwenye mtoto mgongoni anatoka na ushungi mweupe wa kitani. Mzee aliyekuwa akisoma gazeti kwa utulivu ameliweka kando, amevaa fulana nzima iliyosukwa kwa pete za chuma, na anatembea nayo sitahani bila haraka.

"Shangazi, yule ni askari wa kweli?" aliniuliza binti wa kaka yangu, mwenye miaka sita. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Akaenda, nami nikafuata nyuma, wifi yangu akinitafsiria. Mzee alichuchumaa, vyuma vikalia, akamweleza kwamba amefundisha hesabu maisha yake yote, na vazi lile amelisuka kwa mkono wake, pete baada ya pete, jioni za baridi kwa miaka kadhaa. Kisha akampa mtoto ncha ya mkono wa vazi aipime uzito. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, akaduwaa. Kwangu tamasha lilianzia hapo, hata kabla ya kukanyaga kisiwa.

Wenyeji hulijua kwa jina la Medeltidsveckan, Wiki ya Zama za Kati. Lilianza mwaka 1984, na hujaza mji wa Visby kuanzia Jumapili hadi Jumapili ya pili yake: soko, mashindano ya farasi, muziki makanisani, maigizo kwenye magofu, mihadhara ya wanahistoria, na mambo chungu nzima ya watoto. Kaka yangu, anayeishi Stockholm na mkewe Mswidi, alikuwa amenisimulia habari zake kwa miaka mingi kwenye simu. Alijua nitavutiwa. Sisi tumezaliwa Kilwa Masoko, ng'ambo ya maji kutoka magofu ya Kilwa Kisiwani. Shuleni tulivushwa kwa mashua, tukapangwa mistari mbele ya Msikiti Mkuu, tukatajiwa miaka na majina ya masultani, tukaandika, tukarudi. Sikumbuki mtu aliyetuambia wale watu walikula nini asubuhi, au fundi alilishikaje jiwe la tumbawe alipolichonga. Kwa hiyo nilikwenda Visby na swali moja: mji wa magofu unaweza kumpa mtoto nini zaidi ya tarehe?

Mji wenyewe unaanza kujibu kabla tamasha halijafunguliwa. Visby iko pwani ya magharibi ya Gotland, imeshuka ngazi kwa ngazi kutoka kwenye mwamba hadi baharini, na inazungukwa na ukuta wa mawe ya chokaa wenye urefu wa karibu kilomita 3.4. Ukuta huo ulijengwa katika karne ya 13, na sehemu kubwa ya minara yake bado imesimama. Mtoto wa kiume wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na upanga wa mbao kiunoni, alidhani ulijengwa kuzuia maharamia. Upande wa bahari ndiyo, lakini ukuta mkubwa zaidi umegeukia nchi kavu. Wafanyabiashara wa mjini, wengi wao Wajerumani, walikuwa wamegombana na wakulima wa kisiwa hichohicho kuhusu nani anayeruhusiwa kufanya biashara, na mwaka 1288 ugomvi ukawa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukuta uliwatenga watu wa mji na majirani zao wa shambani. Jambo hilo lilikuja kuwa na gharama kubwa, na nitalirudia.

Ndani ya ukuta kuna magofu ya makanisa kila unakogeuka. Mji huu mdogo ulikuwa na makanisa zaidi ya kumi, kila kundi la wafanyabiashara na kila shirika la watawa likijenga lake. La Wafransisko, Santa Karin, liko pembeni ya uwanja mkuu, halina paa, na matao yake membamba yamebaki yakivuka hewani. Mwaka 1525 jeshi la mji wa Lübeck liliushambulia mji na kuchoma. Baadaye yakaja mageuzi ya Kiprotestanti, watawa wakaondoka, na mji uliokuwa umeshapoteza biashara yake haukuwa na fedha za kutengeneza wala za kubomoa. Umaskini huo ndio ulioulinda. Miji tajiri zaidi ya Bahari ya Baltiki iliangusha kuta zake na kujenga upya. Visby iliacha zake zisimame, ikapanda mawaridi chini yake. Mwaka 1995 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kanisa moja tu la Zama za Kati lingali likitumika ndani ya ukuta: Sankta Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1225 kama kanisa la wafanyabiashara wa Kijerumani na kufanywa kanisa kuu mwaka 1572. Lina minara mitatu yenye vilele vyeusi, na ukipanda ngazi nyuma yake hadi mtaa wa Klinten unaitazama minara hiyo ikiwa usawa wa macho yako, paa za vigae vyekundu chini, kisha bahari. Tuliingia asubuhi, kabla ya watu kujaa. Mimi ni Mwislamu, na kaka yangu vilevile. Tulikaa nyuma kwa adabu, watoto wakasogea mbele na mama yao. Jambo lililonikamata liko juu ya vichwa vya waumini: kuna ghala pana darini ambamo wafanyabiashara wale waliweka bidhaa. Nilifurahi kulijua. Ibada chini, marobota juu, na watu walewale wakipanda na kushuka kati ya vitu hivyo viwili. Mtu wa pwani haoni ajabu katika hilo, kwani bandari zetu pia zilijengwa na watu waliohesabu mizigo yao karibu na mahali waliposwalia.

Mavazi nayo yana habari yake. Mgeni halazimishwi kuvaa, lakini asiyevaa hujikuta ndiye anayetazamwa, na watoto hawakubali kabisa kubaki na nguo za kawaida. Wapo wanaokodi, wengi wameshona wenyewe, na ushonaji huo ni elimu kamili. Wifi yangu alitumia majira ya baridi kushona kanzu nne za sufu na kitani kwa mkono, akifuata vipande vya nguo vya kale vilivyochimbuliwa na wataalamu kaskazini mwa Ulaya, na alijua kwa nini kila kipande cha pembetatu kiliwekwa pale kilipowekwa: kitambaa kilikuwa ghali, hakuna aliyekata na kutupa. Mimi nilivaa kanzu yake moja na mtandio wangu mwenyewe. Katika mitaa ya Stockholm mtandio ule huwafanya watu wanitazame mara ya pili. Visby, wiki ile, kila mwanamke wa pili amefunika kichwa, kwa sababu ndivyo wanawake wa Ulaya walivyovaa wakati huo, na nilipita katikati yao bila mtu kugeuka. Bibi mmoja alinisimamisha ili nimwonyeshe ninavyoubana bila pini. Tulisimama kwenye kijia cha mawe tukifundishana, yeye mtindo wake, mimi wangu, na binti wa kaka yangu akijaribu yote miwili.

Soko liko nje ya ukuta kaskazini, kwenye uwanja wa nyasi unaoelekea bahari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Visby inapoishinda miji mingi niliyoitembelea. Nimeona masoko ya namna hii ambayo ni maduka ya plastiki yaliyofunikwa magunia. Hapa wauzaji wengi ndio watengenezaji. Mwanamke anayeuza nyuzi ana masufuria nyuma yake, na ndani yake sufu inachemka na mizizi ya mmea unaotoa wekundu. Buluu inatoka kwenye majani, na sufu hutolewa mle ikiwa na rangi ya kijani iliyofifia, kisha inageuka buluu ikipigwa na hewa, mbele ya macho ya watoto, ambao walipiga kelele kila mara. Fundi wa viatu anashona kiatu akiwa amekigeuza ndani nje, halafu anakiloweka na kukipindua. Mchonga vijiko ana vipande vya mti kwa ajili ya watoto, na visu vidogo, na uvumilivu.

Mwanamume mmoja alikuwa akisokota kamba. Alikuwa na kifaa cha mbao chenye kulabu tatu na mkono wa kuzungusha. Mtoto mmoja anazungusha, mwingine anashika ncha ya mbali, wa tatu anasukuma kipande cha mti chenye mifuo mitatu kinachozuia nyuzi zisijichanganye kabla ya wakati wake. Watoto wasiojuana, wa lugha mbalimbali, wanalazimika kwenda mwendo mmoja, la sivyo kamba inajikunja. Mtoto wa kaka yangu alizungusha kwa pupa, kamba ikaharibika. Fundi hakumkemea, akafungua, wakaanza tena. Nilimweleza yule fundi, kwa msaada wa wifi yangu, kwamba kwetu tunafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, tunayafukua, tunayaponda, kisha tunasokota usumba kwa viganja juu ya paja. Aliacha kazi. Alitaka kujua miezi mingapi, maji ya chumvi au matamu, na kamba hiyo inadumu muda gani baharini. Nilijibu nilivyoweza, kwa sababu nimeiona kazi ile mikononi mwa bibi zangu. Maswali yake yalikuwa ya fundi kwa fundi, na niliona aibu tamu kwa niaba ya wale bibi, ambao hawajawahi kuulizwa hivyo na mgeni.

Chakula tulikula wengine tumesimama, wengine tumekaa kwenye majani makavu. Gotland ni kisiwa cha kondoo. Hata nembo yake ina kondoo dume, na nyama yake huchomwa polepole kwenye moto wa kuni. Lakini nilichokipenda zaidi ni keki yao ya zafarani. Wali hupikwa kwa maziwa hadi ushikane, ukachanganywa na mayai, lozi na zafarani, ukaokwa, na kuliwa na krimu na jemu ya matunda madogo meusi yanayoota kisiwani. Kilicho ndani ya sahani ile, ukiacha maziwa na mayai, kilisafiri mbali sana kuifikia Baltiki: mchele, lozi, zafarani. Ulimi wangu uliitambua kabla sijaambiwa.

Kati ya soko na bandari ya leo kuna bustani iitwayo Almedalen, yenye bwawa na bata. Zama za Kati palikuwa ndiyo bandari yenyewe. Bahari imerudi nyuma, ardhi imepanda. Hapo ndipo Olof Palme, mwanasiasa wa Uswidi aliyekuja kuwa waziri mkuu, alipohutubia mwaka 1968 akiwa juu ya gari la mizigo, na kutokana na hotuba zile ikazaliwa wiki ya siasa inayofanyika kila kiangazi. Kaka yangu alitusimamisha pale makusudi, akawaambia wanawe kwamba Palme alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere, na kwamba shule ya Kibaha aliyosoma babu yao ilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordic. Watoto walimsikiliza kwa heshima, macho yakiwa kwa bata.

Siku ya mvua tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Gotland, mtaa wa Strandgatan. Ukumbi mmoja una fedha ya Spillings. Mwaka 1999, katika shamba la jina hilo kaskazini mwa kisiwa, kifaa cha kutafutia metali kilipitishwa ardhini na hakikunyamaza. Chini ya mahali palipokuwa sakafu ya jengo la kale palikuwa na kilo 67 za fedha: bangili, vipande, na sarafu 14,295. Sarafu karibu zote ni dirham. Zimepigwa katika nchi za Kiislamu, baadhi Baghdad, baadhi mbali zaidi mashariki, zikapanda mito ya Urusi mikononi mwa wafanyabiashara wa manyoya, zikafikia kisiwa hiki na kufukiwa katika karne ya 9, miaka mia kadhaa kabla ya ukuta wa Visby.

Mtoto wa kaka yangu huenda madrasa kila Jumamosi, katika chumba cha chini ya ghorofa huko Stockholm. Huenda kwa sababu baba yake amesema aende. Alikisogelea kioo akiwa na kanzu yake ya sufu na upanga wa mbao, akainama, akaanza kunong'ona herufi. Maandishi ya Kikufi hayana nukta na yana pembe kali, hivyo alisita, akarudi nyuma, akaanza tena. Alif. Lam. Ghafla akainua kichwa: "Baba, hii ni La ilaha illa Allah." Alisema kwa sauti kubwa kiasi cha mlinzi kugeuka. Kisha akataka kusoma nyingine, na nyingine. Tulikaa pale muda mrefu sana. Kaka yangu hakusema neno. Alimshika mwanawe bega tu.

Miongoni mwa sarafu zile kuna moja inayojulikana duniani kote kwa wanaojishughulisha na mambo haya. Ilipigwa na Wakhazari, watu wa nyika za kusini mwa Urusi, ambao watawala wao waliingia dini ya Kiyahudi. Imeiga dirham ya Kiislamu kwa kila namna, ila mahali pamoja imeandikwa kwa Kiarabu kwamba Musa ni mtume wa Mungu. Sarafu ya Kiyahudi kwa herufi za Kiarabu, katika udongo wa Waswidi wa enzi za upagani. Ningeivukia bahari hiyo peke yake.

Ukumbi mwingine ni mzito. Nilishauriana na wifi yangu kama watoto waingie. Akasema wa Gotland wote huingia, tukaingia.

Mwaka 1361, mwezi wa Julai, Mfalme Valdemar Atterdag wa Denmark aliteremsha jeshi Gotland. Wakulima wa kisiwa walikusanyika kumzuia, wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mbele ya ukuta wa Visby. Tarehe 27 walipigana huko nje. Malango ya mji yalibaki yamefungwa. Jeshi la Valdemar lilikuwa la watu wa kazi hiyo. Waliolikabili walikuwa wakulima, na miongoni mwao wazee na wavulana. Inakadiriwa watu 1,800 walikufa. Watu wa mji, waliotazama kutoka juu ya ukuta, walifungua malango baadaye na kupatana na mfalme. Maiti zilifukiwa haraka katika makaburi ya pamoja, wengine na deraya zao mwilini, inadhaniwa kwa sababu ya joto la kiangazi. Wachimbaji walianza kuyafungua makaburi hayo mwaka 1905, na waliyoyakuta ndiyo yaliyomo ukumbini: mafuvu ambayo bado yamevaa kofia za pete za chuma, kutu na mfupa vimeshikana, glavu za mabamba, mifupa ya miguu yenye mikato, mingi kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, kwa sababu mguu ndio ulioachwa wazi.

Hapa kuna jambo nililolihofia tangu nilipouona ule upanga wa mbao. Tamasha linalofurahisha watoto, katika mji ambao wavulana walichinjwa nje ya lango, linaweza kugeuka matusi kwa waliokufa. Hadithi ya Valdemar yenyewe inachezwa huko mitaani, na kila mtoto wa Gotland anajua ngano ya mapipa matatu ya bia ambayo mfalme aliyaweka uwanjani na kuamuru yajazwe fedha na dhahabu. Ngano ni tamu. Fuvu lile si ngano. Lakini nilichokiona kilinituliza. Mtoto wa kiume alisimama mbele ya kofia ya pete, akaitazama kwa muda, akauliza: "Kama alikuwa na chuma kichwani, kwa nini alikufa?" Na tulipotoka, mvua imekatika, hakuomba mkate wala ngoma. Alikwenda moja kwa moja kwa mhunzi wa sokoni kumuuliza swali lilelile.

Mhunzi, mwanamke mwenye mikono iliyojaa masizi, alilichukua swali kwa uzito wake wote. Alitandika kipande kilichosukwa kwa pete juu ya tita la matawi mabichi, akampa mtoto kisu butu akate: hakikukata. Kisha akachukua nyundo, akapiga mara moja, akaliinua tita. Pete nzima, matawi yamevunjika. Chuma kile, alisema, humzuia adui asikukate, hakimzuii asikuvunje. Akamweleza kwamba ndiyo maana wenye uwezo walivaa pamba nene chini yake na mabamba juu yake, na kwamba mkulima wa Gotland alivaa alichorithi kwa babu yake. Alimwambia pia mahali walipolazwa, Korsbetningen, kuna msalaba wa jiwe wenye maandishi ya Kilatini unaowaombea, na kwamba ni mwendo mfupi tu kutoka lango la kusini. Tulikwenda kesho yake. Watoto wa kisiwa walikuwa wakipita kwa baiskeli.

Tangu hapo sikuweza kuacha kuiwaza Kilwa, na si kwa kulazimisha. Miji hii ilikuwa hai kwa wakati mmoja. Msafiri Ibn Battuta alipoingia Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Visby ilikuwa imebakiwa na miaka thelathini tu kabla ya Valdemar. Kilwa ilijenga kwa tumbawe na chokaa, Visby kwa jiwe la chokaa. Kilwa ilisimama kati ya dhahabu ya Sofala na soko la Bahari ya Hindi. Visby kati ya manyoya na nta ya Novgorod na soko la Magharibi. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Na mwezi uleule wa Julai, mwaka 1505, meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliiteka na kuipora Kilwa. Nilimsimulia hayo yule fundi wa kamba, na akaniuliza Kilwa hufanya tamasha lake mwezi gani.

Sina sababu ya kutaka Kisiwani ijazwe mahema na umati. Magofu yale hayawezi kuustahimili, na watu wanaishi pale maisha yao. Lakini vitu vinavyohitajika viko. Wapo wanaojua kuchoma chokaa ya tumbawe kwa kuni zilizopangwa duara, wapo wanaosuka ukindu, wapo maseremala wa majahazi, wapo wapishi. Kinachokosekana ni mtoto wa darasa la nne kupewa nyundo na jiwe la tumbawe, na fundi aliyelipwa siku yake, asiye na haraka. Nimeshawaambia haya watu wawili wenye nafasi huko nyumbani, na nitaendelea kuwaambia.

Usiku wa Visby ni wa muziki na moto. Agosti jua hutua huko karibu saa tatu usiku, na giza likishaingia wachezaji wa moto hujitokeza kwenye magofu, wakizungusha minyororo yenye ndimi za moto huku kuta zisizo na paa zikiwaka rangi ya chungwa. Tulisikia pia nyimbo za kanisa za karne ya 13 zikiimbwa na sauti tano bila ala, na binti wa kaka yangu akalala mapajani mwangu kabla ya wimbo wa pili kwisha.

Mashindano ya mikuki juu ya farasi ndiyo wanayoyangojea watoto wote. Ni nje ya ukuta, majukwaa yamejaa, upande mmoja bendera nyekundu, wa pili buluu. Farasi ni wakubwa kuliko nilivyotarajia, na unausikia mshindo wao kwenye ubao uliokalia kabla ya kuwaona wamekaribia. Mikuki huvunjika kweli, vipande huruka. Mshindani mwovu alizomewa na umati mzima, na mtoto wa kaka yangu alizomea hadi sauti ikamkauka, siku moja tu baada ya kusimama Korsbetningen. Sikuona dosari. Mchezo una mahali pake, na mtoto aliyekwisha kuliona fuvu anajua mchezo unaishia wapi.

Kwa atakayekwenda na watoto: chukua tiketi za meli na chumba miezi mingi kabla, maana kisiwa hujaa, beba nguo ya mvua na viatu vya kutembea juu ya mawe, usiwabebee watoto vitu vya kuchezea, watavitengeneza huko. Na ninawashauri waanze na jumba la makumbusho, siku ya kwanza, kabla ya soko, ingawa watoto watanung'unika. Watafika sokoni wakiwa na maswali magumu zaidi, na kwa jinsi nilivyowaona mafundi wa Visby, hayo ndiyo wanayoyasubiri.